Mtoto Anapokaza Misuli: Unachoweza Kufanya Nyumbani

  

Leo nataka kuzungumza na mzazi, nyanya au yaya anayelea mtoto aliyekaza. Wengi wenu mnamjua mtoto huyu. Ukimvisha shati, mkono haukunjuki. Ukimbadilisha nepi, mapaja yanabana kama mkasi. Ukimsimamisha, anasimama kwa vidole vya miguu na visigino haviguzi chini. Mlango ukibamizwa anashtuka, anajinyoosha mwili mzima kama ubao na kichwa kinakwenda nyuma.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka yangu ya kwanza kazini, diploma ya uuguzi bado mpya, nilikuwa katika zahanati moja ndogo huku bara ya Kilifi. Mama mmoja alileta mtoto wa miezi 10 kwa chanjo ya surua, ambayo alikuwa amechelewa nayo. Akaniambia, "Sista, mkono wa kulia wa mtoto huyu haufunguki, na miguu ni migumu." Foleni ilikuwa imefika nje mpaka chini ya mwembe. Nikamgusa mtoto mguu, nikasema, "Ni mvivu tu, atachangamka akikua." Nikadunga sindano, nikaandika kadi, nikaita anayefuata.

Nilimwona tena mtoto yule akiwa na miaka 4. Magoti yalikuwa yamekunjika na hayanyooki, hata akiwa usingizini. Mama hakunilaumu; alikuwa amesahau kwamba ni mimi niliyesema vile. Mimi sikusahau. Tangu siku hiyo, mama akiniambia mtoto wake ni mgumu, naweka sindano kando kwanza.

Sasa tuelewane: kwa nini misuli inakaza? Watu wengi hudhani ugonjwa uko mguuni au mkononi, kwa hiyo wanasugua mguu, wanapaka mafuta, wanavuta. Mguu wenyewe ulizaliwa mzima. Shida iko juu, kwenye ubongo. Uti wa mgongo una tabia moja: msuli ukivutwa ghafla, uti wa mgongo unauamuru ujikaze ili usichanike. Ni ulinzi mzuri. Lakini ubongo ndio mkubwa wake, na kila wakati unautuliza: basi, legeza. Ikiwa sehemu ya ubongo inayotoa amri hiyo imeumia, hakuna wa kusema basi. Msuli unakaza na kuendelea kukaza.

Fikiria mkanda wa kiti cha mbele cha matatu. Tangu zile sheria za mwaka wa 2004 sote tumeuzoea. Ukiuvuta kwa pupa unashika, hauji hata ukasirike. Ukiuvuta polepole unakuja wenyewe. Msuli wa mtoto huyu ni hivyo hivyo. Nguvu yako ndiyo inayoufanya ushike. Kumbuka mkanda huu, kwa sababu nitaurudia.

Ubongo huumiaje? Mara nyingi ni kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa, au muda mfupi baadaye. Mtoto aliyechelewa kulia kwa kukosa hewa. Mtoto njiti. Mtoto aliyekuwa na macho na ngozi ya manjano iliyozidi siku za kwanza, na akakaa nyumbani bila kutibiwa. Baadaye, homa ya uti wa mgongo, au malaria iliyopanda kichwani. Hali inayobaki tunaiita mtindio wa ubongo. Jeraha la ubongo lenyewe haliendelei kukua, na wala haliambukizi.

Najua katika vijiji vyetu kuna maneno mengine: nyuni, laana, mama alitoka nje ya ndoa. Nimekaa na akina mama walioachwa na waume zao kwa maneno haya. Daktari mmoja Mwingereza, William John Little, ambaye mwenyewe alikuwa na mguu uliopinda tangu utotoni, aliandika juu ya watoto kama hawa mwaka wa 1861. Alionyesha kwamba wengi walizaliwa kwa shida au kabla ya wakati. Hao walikuwa watoto wa Uingereza, ambako hakuna aliyewahi kusikia habari za nyuni.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana ndipo nilipokosea mimi. Kuna kukaza, na kuna kuganda. Kukaza ni amri ya ubongo iliyokosekana. Kunaongezeka mtoto akilia, akishtuka au akipata baridi, na kunapungua akilala. Kuganda ni msuli kuwa mfupi. Mfupa wa mtoto unakua kila mwezi. Msuli unatakiwa urefuke pamoja nao, na hurefuka kwa kunyooshwa na kutumika. Msuli uliokaza mchana kutwa haunyooshwi, basi mfupa unakwenda mbele na msuli unabaki nyuma. Baada ya muda kisigino hakishuki tena, goti halinyooki tena, na hapo mazoezi peke yake hayatoshi.

Unaweza kujua tofauti nyumbani. Ngoja mtoto alale usingizi mzito. Shika kisigino chake kwa kiganja, na polepole sana usukume mguu uelekee juu, goti likiwa limenyooka. Ukija vizuri, bado ni kukaza tu. Usipokuja hata usingizini, msuli umeanza kufupika, na usisubiri mwezi mwingine. Fanya hivyo mara moja kwa juma, mguu huu na huu, na ukumbuke ulifika wapi.

Dalili za mapema ni hizi. Miezi 4 imepita na kichwa hakijasimama. Ngumi zimefungwa muda wote na kidole gumba kimejificha ndani. Miezi 9, unapomleta kwa surua, bado hawezi kukaa peke yake. Anatumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka. Watu hufurahi wakasema "huyu ni wa kushoto", kumbe mkono wa kulia umekaza. Na usidanganyike na mtoto aliye teketeke. Wengi wanaokaza baadaye walikuwa wamelegea kama kitambaa miezi ya mwanzo. Muuguzi akikwambia maneno kama yangu ya siku ile, mwombe kwa heshima akuandikie barua ya kwenda fizio. Ni haki ya mtoto.

Kabla sijaendelea, jambo moja la haraka. Mtoto mchanga wa siku chache aliyekuwa akinyonya vizuri, sasa ameacha, taya limefungwa na mwili unakakamaa akiguswa, huyo huenda ana pepopunda. Mtoto wa umri wowote mwenye homa na shingo ngumu, au aliyeanza degedege, naye si wa mazungumzo ya leo. Hao ni wa hospitali sasa hivi, usiku au mchana.

Turudi kwa mtoto wetu. Dawa yake ya kwanza haiko kwenye chupa. Iko katika namna unavyombeba, unavyomkalisha na unavyomlaza. Kwenda fizio mara moja kwa juma ni nusu saa. Saa zinazobaki ziko mikononi mwako.

Kumbeba. Wengi humbeba mtoto mkubwa kama kichanga, amelala mikononi, kichwa nyuma na miguu imenyooka pamoja. Hapo kila msuli unakaza. Mkunje kwanza kwenye nyonga, kama anayechuchumaa. Nyonga ikikunjika, miguu inalegea. Kisha mpakate kiunoni, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma yako. Au mbebe mgongoni kwa leso, miguu imepanuliwa vizuri kukuzunguka. Mbeleko ya nyanya zetu ni kifaa kizuri sana kwa nyonga za mtoto huyu.

Kumvalisha. Anza na mkono uliokaza. Usivute vidole. Sukuma bega lije mbele kwanza, kisha kiwiko, na mkono utafuata. Ngumi nayo usiifungue kwa kuvuta gumba. Kunja kifundo cha mkono kielekee chini, fungua kuanzia upande wa kidole kidogo, na gumba ulitoe kwa kushika shina lake. Mkanda wa matatu, umeona? Polepole.

Kumkalisha. Mtoto anayelala chali siku nzima hukaza zaidi, kichwa huenda nyuma na haoni chochote ila dari. Mkalishe kwenye kona ya ukuta, au kwenye kiti chenye mgongo, nyonga zikiwa nyuma kabisa, magoti yamekunjwa na nyayo zimekanyaga chini. Ikiwa mapaja yanabana, viringisha leso uiweke katikati ya magoti. Weka meza au ndoo iliyofudikizwa mbele yake ili mikono ije mbele. Kiti cha fundi seremala ni kizuri, lakini kama pesa hakuna, kipo kiti cha maboksi. Mabaki ya maboksi ya dukani yanagandishwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga iliyopikwa kama uji, yanafungwa kwa vipande vya magazeti, yanakaushwa juani siku kadhaa na kupakwa vanishi. Ufundi huu ulianzia Zimbabwe, na ukifanywa vizuri mtu mzima anaweza kukikalia. Adui wake ni maji, na huku kwetu, mchwa.

Usimwache mahali pamoja muda mrefu. Mchana mbadilishe kila nusu saa hivi: kona, mapajani, kulala ubavu na mto mgongoni ili mikono yote miwili ikutane mbele, kisha kulala kifudifudi juu ya mto akiwa macho nawe uko karibu. Wakati wa chakula awe ameketi, kichwa mbele kidogo. Usimnyweshe uji kamwe akiwa amelala chali au kichwa kimeangalia juu. Uji ukiingia mapafuni ni nimonia, na nimonia huwaua wengi wa watoto hawa.

Kuhusu kunyoosha viungo, fizio atakuonyesha kwa mtoto wako mwenyewe. Fanya baada ya maji ya uvuguvugu, wakati ametulia, ukimwimbia au ukimpigia hadithi. Nyoosha mpaka uhisi msuli unakataa, simama hapo, hesabu polepole mpaka 30, uachie. Akilia kwa maumivu umezidisha. Lakini nikwambie ukweli ambao sisi wenyewe tumeujua vizuri miaka ya karibuni: kunyoosha kwa dakika chache peke yake hakuzuii kuganda. Kinachosaidia ni msuli kukaa umenyooshwa kwa muda mrefu, kwa kukaa vizuri, kusimama kwa kusaidiwa au kuvaa vifaa vya miguu, na mtoto kutumia viungo vyake kwa kazi anayoitaka mwenyewe. Mpe kijiko ajaribu, hata akimwaga sima. Mweke mbali kidogo na kile anachokipenda ili akifikie.

Na hapa nina neno kwa akina nyanya. Wako wanaochimba shimo mchangani na kumfukia mtoto mpaka kiunoni ili miguu ipate nguvu. Nilipokuwa mwanafunzi tulicheka sana. Sasa sicheki. Wazo la kumsimamisha ni sawa kabisa. Hospitalini tuna fremu ya mbao ya kazi hiyo hiyo. Tatizo ni shimo. Mchanga wa adhuhuri unaunguza ngozi, miguu inabanana humo ndani, visigino havikanyagi, na mtoto ameachwa peke yake juani. Mwambie seremala atengeneze fremu yenye ubao wa kifua na ubao wa magoti, nyayo zikanyage chini, miguu imeachana kidogo. Aanze na dakika 10 kwa siku, aongezewe taratibu.

Sasa, mtoto uliyemzoea akikaza ghafla kuliko kawaida yake, usikimbilie kusema ugonjwa umepanda. Tafuta maumivu. Mtoto huyu pengine hawezi kusema, msuli ndio unaosema kwa niaba yake. Mama mmoja alikuja kwangu siku tatu mfululizo, mtoto hajalala, amejipinda kama upinde. Walikuwa wamekwisha tafuta mganga. Tumbo lilikuwa gumu kama jiwe. Hakuwa amekwenda choo siku 9. Tulipomsaidia kupata choo, alilala jioni ile ile na miguu ikalegea. Kwa hiyo angalia choo, masikio, meno, mkojo unaouma, funza miguuni, kidonda matakoni, kiatu kinachobana. Na angalia nyonga.

Nyonga nataka nikae hapo kidogo, maana ni kitu kinachofichika. Misuli ya mapaja ikibana muda mrefu huvuta kichwa cha mfupa wa paja mpaka kitoke polepole kwenye tundu lake. Hutokea kwa takriban mtoto mmoja kati ya watatu wenye mtindio wa ubongo, na zaidi kwa wale wasiotembea. Mwanzoni hauumi. Mama huona paja moja halifunguki kama lingine, au goti moja liko chini kuliko lingine mtoto akilala chali amekunja magoti. Ikifika wakati analia kila ukibadilisha nepi, tumechelewa. Mtoto asiyetembea anahitaji picha ya eksirei ya nyonga kila mwaka au mapema zaidi, hata kama hana maumivu. Uliza. Usiponiuliza, pengine nitasahau na mimi.

Dawa zipo, na daktari ndiye wa kuzipima. Dayazepamu hulegeza misuli, lakini humfanya mtoto asinzie na mate yamjae. Usiinunue tu kwa duka la dawa, na usiongeze kipimo ili upate usingizi. Baklofeni huanzwa kidogo kidogo ikapandishwa. Isiishe ghafla kamwe! Ikikatwa kwa mara moja mtoto anaweza kupata degedege na homa kali, misuli ikakaza kuliko mwanzo. Chupa ikikaribia nusu, anza kutafuta nyingine. Ipo pia sindano ya botulinamu, inayodungwa kwenye msuli wenyewe. Hulegeza kwa miezi 3 hivi, ni ghali, na hupatikana hospitali kubwa. Haiponyi. Inafungua mlango kwa miezi hiyo ili mazoezi yaingie. Bila mazoezi umetupa pesa. Kama mtoto ana dawa za kifafa, hizo ni jambo lingine, usiziache eti anameza baklofeni.

Msuli ulioanza kufupika unaweza kurefushwa kwa plasta, inayobadilishwa kila baada ya juma moja au mawili, kila mara mguu ukisogezwa kidogo. Vidole vikiwa baridi, vikivimba au kubadilika rangi, rudi hospitali siku hiyo hiyo. Ulioganda kabisa unahitaji upasuaji wa kurefusha kano. Yule mtoto wangu wa magoti alifika huko. Alinyooshwa, akavaa vifaa vya miguu, na leo anakwenda shule kwa magongo. Lakini alifanyiwa kisu ambacho pengine hangekihitaji.

Uende wapi? Anza na zahanati au mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako, upate barua ya kwenda fizio katika hospitali ya kaunti. Chama cha APDK, kilichoanzishwa mwaka wa 1958, kina tawi Mombasa na hushughulika na mazoezi, vifaa na viti vya magurudumu. Kule Kijabe iko hospitali ya CURE, iliyofunguliwa mwaka wa 1998, ya upasuaji wa mifupa na viungo vya watoto. Kwa shule, nenda kituo cha EARC. Vituo hivi vilianza mwaka wa 1984 na kazi yake ni kupima mtoto anafaa kusomea wapi na kwa msaada gani. Muandikishe pia kwa Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Mtoto mwenye ulemavu mkubwa huweza kuingizwa katika fedha za Inua Jamii. Bima ya zamani ya NHIF iliisha, na tangu Oktoba 2024 ni SHA, kwa hiyo hakikisha mtoto ameandikwa chini ya jina lako kabla hujapanda gari.

Siku ya kwenda, beba kitabu cha kliniki, dawa zote anazomeza na pakiti zake, na viatu vyake. Baba naye aje, kwa sababu fizio atafundisha kwa mikono, na mama mmoja akiugua lazima awepo mwingine anayejua.

Kuna baba mmoja aliyetuma ujumbe akiuliza neno moja tu: "Atatembea?" Ndugu yangu, nakujibu ninavyojua. Mtoto anayeweza kukaa mwenyewe bila kushikiliwa kufikia miaka 2 mara nyingi hutembea, hata kama ni kwa magongo. Asiyekaa kufikia miaka 4, ni nadra atembee peke yake, na kazi yetu kwake ni akae vizuri, asiumie, ale bila kukabwa, na aweze kukuonyesha anachotaka. Wako umesema ana miezi 14. Mlete Alhamisi, saa mbili asubuhi, tumwone anakaaje.

Kwa leo nakomea hapa. Juma lijalo tutazungumza juu ya kifafa kwa watoto.